Uliza Michezo: Kijiji Kilichokuwa Bingwa wa Ireland Mara Tatu

Toleo lililopita tuliandika mistari michache tu kuhusu hurling, ule mchezo wa Waairishi wa fimbo na mpira mdogo wa ngozi, tukamtaja Mikey Maher wa Tubberadora. Basi barua zikamiminika. Tumechagua nne.

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi ni dada wa Kitanzania, muuguzi, nafanya kazi huku Ireland kaunti ya Tipperary. Wenzangu wodini wakianza kuongea hurling mimi nabaki natoa macho tu. Sasa kuna mmoja anatoka pande za Boherlahan anasema kwao Tubberadora walikuwa mabingwa wa Ireland nzima mara tatu miaka ya 1890, na mimi nimepita huko kwa gari nimeona mashamba na ng'ombe basi. Ni kweli au ananipiga kamba? — Msomaji, Tipperary

JIBU: Hakupigi kamba dada yangu, na mimi ningekuwa natoka Boherlahan ningelisema kila asubuhi kabla ya chai. Tubberadora walichukua ubingwa wa Ireland wa mwaka 1895, wa 1896 na wa 1898, na nahodha mara zote tatu ni mtu mmoja, Mikey Maher, jamaa mkubwa wa mwili mpaka wakamwita Big Mikey. Na uko sahihi kabisa kuhusu hayo mashamba, Tubberadora si mji, ni kitongoji ndani ya parokia ya Boherlahan, kusini mwa Thurles ukielekea Cashel, na wachezaji walikuwa vijana wa hapo hapo na majirani zao.

Kinachowachanganya watu ni hiki. Leo ukiwasha TV unaona Tipperary, Kilkenny, Cork, Limerick, yaani timu za kaunti, na kila kaunti inaokota wachezaji wake bora kutoka klabu zote. Zamani haikuwa hivyo. Chama chao cha michezo ya jadi, GAA, kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 pale Hayes' Hotel mjini Thurles na kina Michael Cusack na Maurice Davin, na mashindano ya taifa yalipoanza 1887 utaratibu ulikuwa klabu zinapigana ndani ya kaunti, anayebaki wa mwisho ndo anabeba jina la kaunti kwenda mbele. Kwahiyo ukisoma kwenye orodha "Tipperary, bingwa 1887" ujue waliocheza ni klabu ya Thurles, waliwafunga Meelick wa Galway pale Birr tarehe 1 Aprili 1888. Kuanzia 1892 klabu bingwa iliruhusiwa kuazima wachezaji wa klabu nyingine za kaunti yake, lakini mwenye timu alibaki ni yule bingwa, yeye ndo anapanga kikosi. Ndo maana watu wa Boherlahan wakisema "sisi" hawamaanishi kaunti, wanamaanisha babu zao waliokuwa wanakamua ng'ombe asubuhi wakaenda mazoezini jioni.

Sasa hebu tuikae kidogo fainali ya 1895, maana hiyo ndo naipenda kuliko zote. Ilichezwa tarehe 15 Machi 1896 mjini Dublin, kwenye uwanja wa Jones's Road, na ilikuwa mara ya kwanza fainali za taifa kuchezwa hapo. Uwanja huo ndo huu wanaouita Croke Park leo, GAA waliununua 1913 wakaupa jina la Askofu Mkuu Croke aliyekuwa mlezi wao tangu mwanzo. Yaani sehemu ambayo leo ndo moyo wa mchezo wote, bingwa wa kwanza wa hurling kutawazwa pale ni watu wa kitongoji cha mashambani. Na hata wapinzani wao hawakuwa watu wa mjini, walikuwa Tullaroan, parokia ya vijijini kaunti ya Kilkenny. Kijiji kwa kijiji, ndani ya Dublin! Matokeo Tubberadora 6-8, Tullaroan 1-0 (namba hizi zinasomwaje, angalia swali linalofuata). Alafu siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, klabu ya Arravale Rovers, nayo ya Tipperary, ikashinda fainali ya kandanda yao ya Kiairishi 0-4 kwa 0-3, kwahiyo Tipperary waliondoka Dublin na ubingwa wa michezo yote miwili kwa siku moja. Kombe la kuinua halikuwepo bado, hili la Liam MacCarthy lilitolewa kwa mara ya kwanza 1923.

SWALI: Mambo vipi wadau. Hayo matokeo mnayoandika, 6-8 kwa 1-0, ni ya mpira gani hayo? Nani kafunga ngapi? Nisaidieni maana nimesoma mara mbili sijaelewa. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Poa kaka. Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Leo milingoti yao iko kama herufi H, mpira ukipita chini ya mtambaa panya ni goli, ukipita juu ni pointi, na goli moja ni sawa na pointi 3. Lakini enzi za Tubberadora ilikuwa tofauti na hapa ndo patamu. Kwanza, pembeni ya milingoti ya goli kulikuwa na milingoti mingine miwili, mmoja kila upande, na mpira ukipita kwenye nafasi hizo za pembeni ilihesabiwa pointi, hiyo milingoti ya pembeni ilikuja kuondolewa 1910. Pili, thamani ya goli ilikuwa inabadilika badilika. Mwanzoni kabisa goli moja lilishinda pointi zote, hata ungekuwa na pointi 20 mwenzako akawa na goli moja tu umeshafungwa. 1892 wakasema goli liwe sawa na pointi 5, na 1896 wakashusha mpaka 3 ambayo ipo mpaka leo.

Kwahiyo hiyo 6-8 ya fainali ya 1895 ukihesabu kwa goli la pointi 5 unapata 38, na Tullaroan na goli lao moja ni 5. Fainali ya 1896 Tubberadora waliwapiga Commercials wa Dublin 8-9 kwa 0-4, hapo goli ni 3, hesabu inakuja 33 kwa 4. Ya 1898 ndo ilikuwa na jasho, Threecastles wa Kilkenny walifunga 3-10 ambayo si haba, ila Tubberadora wakaweka 7-13, yaani 34 kwa 19.

Na uwanjani walikuwa 17 kila upande, si 15 kama sasa. Walianza wachezaji 21, wakapunguzwa kuwa 17 mwaka 1892, na 15 wakafika 1913. Jaribu kuwaza watu 34 wenye fimbo za mti wa ash mikononi, mpira mmoja, nyasi ndefu, bila kofia ngumu za kichwani, kwa dakika 60. Mimi nikifikiria hivyo ndo naelewa kwanini mtu mkubwa kama Maher alikuwa na thamani pale kati.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa michezo, nimefuatilia mengi. Naona mnawakuza sana hawa watu. Miaka hiyo kaunti zilizoshiriki zilikuwa chache mno na chama chenyewe kilikuwa taabani, sasa ubingwa wa namna hiyo una uzito gani? Tena naona fainali ya 1896 mmesema imechezwa sijui lini, mbona tarehe zenu hazieleweki? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ina ukweli na sitaikwepa. Chama kweli kiliyumba, mwaka 1890 na 1891 siasa za Ireland zilipasuka kwa sababu ya kiongozi wao Parnell na GAA ikapasuka nayo, klabu nyingi zikafa, vijana wakapanda meli kwenda Marekani, na kwenye hurling zilibaki kaunti chache zinazoleta timu. Hilo lipo.

Ila mzee naomba tuangalie ni nani walikuwa mbele yao. Cork walikuwa mabingwa 1892, 1893 na 1894, mitatu mfululizo, na Cork na Tipperary wote wako mkoa wa Munster, kwahiyo hakuna njia ya kufika Dublin bila ubingwa wa Munster. Tipperary wenyewe walikuwa hawajashika ubingwa wa taifa tangu ule wa kwanza wa 1887. Waliokata huo mnyororo wa Cork ni hawa vijana wa Tubberadora. Na ndani ya Tipperary kwenyewe kulikuwa kunachemka, maana ukiangalia kuanzia 1895 mpaka 1900 Tipperary walichukua ubingwa mara 5 kati ya 6, na hizo 5 zimeletwa na vijiji vitatu tofauti vilivyo karibu karibu, Tubberadora mara 3, Horse and Jockey 1899, Two-Mile Borris 1900. Yaani kushinda kaunti tu ilikuwa kazi ya kutoa roho. Mimi nasema kwa moyo wote, ubingwa wa Tubberadora una uzito kamili, na anayetaka kuupunguza kwa sababu ya uchache wa washiriki atueleze kwanza kwanini Cork waliacha kushinda.

Kuhusu tarehe, ni viporo mzee. Mashindano yalikuwa yanarundikana, mechi zinarudiwa, rufaa juu ya rufaa, kwahiyo fainali ya mwaka 1896 ilikuja kuchezwa tarehe 27 Machi 1898, na ya mwaka 1898 ikachezwa tarehe 25 Machi 1900. Mwaka wa ubingwa ni mmoja, siku ya mechi ni nyingine, vitabu vyao vinaandika mwaka wa mashindano. Ule wa 1897 katikati ulikwenda Limerick, klabu ya Kilfinane, waliwafunga hao hao Tullaroan 3-4 kwa 2-4, mwaka huo Tubberadora hawakuwa mabingwa wa Tipperary.

SWALI: Hi, mimi nina maswali mawili ya haraka. Moja, Tubberadora waliishia wapi maana siwaoni tena kwenye orodha baada ya 1898? Mbili, je siku hizi klabu ya kijijini bado inaweza kuwa bingwa wa Ireland? — Msomaji, Mombasa

JIBU: La kwanza. Baada ya 1898 timu ilivunjika, wachezaji wakatawanyika kwenye klabu za jirani. Ila watu hawakupotea. Mikey Maher aliendelea na Tipperary akapata ubingwa wa 1899 na wa 1900 pia, jumla yake 5, na kuwa nahodha wa ubingwa mara 3 ilikuwa rekodi iliyokaa miaka mingi sana, walioifikia ni Dick Walsh wa Mooncoin kule Kilkenny na Christy Ring wa Cork, mpaka Declan Hannon wa Limerick alipofika mara ya 4 mwaka 2022. Fikiria kidogo, kutoka 1898 mpaka 2022!

Alafu damu ile ile ikarudi kwa jina la parokia, Boherlahan. Mwaka 1916, ule mwaka wa mapambano ya Pasaka mjini Dublin, Boherlahan wakiwa wamebeba jina la Tipperary wakashinda ubingwa kwa kuwafunga Kilkenny 5-4 kwa 3-2, fainali ikachezwa Januari 1917, nahodha Johnny Leahy. Leahy huyo huyo akawa nahodha tena 1925 Tipperary walipowafunga Galway 5-6 kwa 1-5. Na zile jezi za bluu na dhahabu unazoziona Tipperary wanavaa leo asili yake ni huko Boherlahan, kaunti nzima inavaa rangi za parokia moja. Mimi hilo linanigusa kuliko hata magoli.

La pili, jibu ni ndiyo. Timu za kaunti zilipokuwa timu teule, klabu zilibaki muda mrefu bila mashindano ya taifa ya kwao, mpaka msimu wa 1970-71 ndo ukaanzishwa ubingwa wa klabu wa Ireland, na wa kwanza kuuchukua ni Roscrea wa Tipperary. Tangu hapo vijiji vimetamba kweli kweli. Wanaoongoza ni Ballyhale Shamrocks wa kusini mwa Kilkenny, klabu iliyoanzishwa 1972 tu, kijiji kidogo, ubingwa wa kaunti wa kwanza wakapata 1978 na wa Ireland 1981 walipowafunga St Finbarr's, wababe wa mjini Cork, 1-15 kwa 1-11. Kikosi cha miaka ile kilikuwa na ndugu saba wa familia moja ya Fennelly, na baadaye hapo hapo akatoka Henry Shefflin, nyota mkubwa wa hurling wa Kilkenny. Mpaka sasa wana ubingwa wa Ireland mara 9, wa karibuni ni wa 2023 dhidi ya Dunloy wa kaunti ya Antrim. Wachezaji hawalipwi mshahara, na kwa kawaida unachezea klabu ya kwenu. Ukitaka kuangalia, fainali ya klabu siku hizi inachezwa mwezi wa kwanza pale Croke Park.