Wasomaji Wauliza: Makuti yanafaa kwa kibanda cha Sukkot?

SWALI: Mimi ni fundi wa mbao. Familia moja ya Kiyahudi yenye watoto watatu imehamia Lavington na inataka niijengee kibanda cha Sukkot, sikukuu yao ya Vibanda, nyuma ya nyumba. Niliwaahidi paa la makuti lisilopitisha hata tone la maji, baba watoto akakataa. Paa lisilovuja lina kosa gani?
Fundi, Kawangware

JIBU: Fundi, kibanda hiki kinatakiwa kivuje. Sheria yao inataka paa la mimea iliyokwisha kukatwa, kivuli kizidi jua, lakini mvua kubwa iweze kupenya na usiku nyota zionekane. Makuti ni mmea, hayana neno. Tatizo ni kuyapanga mazito kama ya banda la hoteli. Ukitaka kuyatandaza kwa nafasi, mwachie mwenye nyumba amuulize rabi wake kwanza.

Chagua mahali palipo wazi juu. Tawi la mti wa avokado au roshani ikifunika sehemu, sehemu hiyo haihesabiki.

Kwa watu watano, futi 8 kwa 8 zinatosha meza na viti. Kuta tatu zitakula plaiwudi sita za futi 8 kwa 4, na nguzo saba za inchi 3 kwa 2: nne za pembe, tatu za katikati ya kuta. Upande wa nne tundika pazia. Kwa kuta zile tatu, turubai ni rahisi kuliko plaiwudi, ila hupepea, na ukuta unaochezeshwa na upepo wa kawaida wengi wao hawaukubali.

Maliza kuta ndipo upandishe paa, usigeuze. Laza mianzi 12 ya futi 10, ukiacha nafasi isiyofika shubiri moja kati ya mmoja na mwingine, kisha matawi juu. Usipigilie misumari wala kufunga waya hapo. Fito mbili nzito juu ya matawi zitazuia upepo. Majani ya mgomba hupendeza siku ya kwanza tu. Yakinyauka yanajikunja, jua linazidi kivuli, na kibanda kinatumika siku saba. Bora matawi ya saipresi yanayopogolewa kwenye ua.

Mwaka 2026 sikukuu inaingia Ijumaa jioni, Septemba 25. Jua la Nairobi litatua karibu saa kumi na mbili na nusu, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Maliza kazi Alhamisi, na malipo yako uyachukue mapema: Jumamosi na Jumapili hawashiki pesa wala simu.

SWALI: Ninalea watoto katika nyumba ya Wayahudi. Jumamosi jiko haliguswi, Jumapili ya sikukuu wanapika. Mbona?
Dada wa kazi, Kileleshwa

JIBU: Jumamosi ni Sabato, na Sabato haina kupika hata ikikutana na sikukuu. Siku ya sikukuu pekee wanaruhusiwa kupika, mradi moto uchukuliwe kwenye moto unaowaka tayari. Kwa hiyo Ijumaa huacha mshumaa wa saa 48. Ukizimika, Jumapili inakuwa ya chakula baridi, basi uwekwe mbali na upepo na mikono ya watoto. Chakula cha Jumapili kisianze kuandaliwa Jumamosi mchana. Wasubiri nyota zitoke.

Mishumaa ikae ndani ya nyumba, kamwe si chini ya matawi makavu. Kibandani tumieni taa ya LED yenye swichi ya saa, ipangwe kabla ya Ijumaa jioni. Watoto wavae sweta, kwa kuwa usiku wa Septemba Nairobi bado una baridi. Mvua ikizidi, familia huingia kula ndani bila kosa.

Watoto wakidai kutikisa tunda lao la jamii ya limau na kuti la mtende, kama ilivyo desturi ya sikukuu hii, siku ya Jumamosi, wakumbushe kwamba Sabato hayashikwi. Ni Jumapili asubuhi.