Kwa mwanangu: vijana wale hawakuiba kitu

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kwa nini wavulana wako wa kidato cha tatu, ambao ukimwita mmoja mmoja ofisini ni wapole na shikamoo haiwatoki mdomoni, wakijikusanya usiku wanavunja vioo vya bwalo na kuchana madaftari ya wenzao. Mwalimu wa nidhamu amekwambia ni umaskini tu.

Umaskini ungewafanya waibe. Hawa hawakuondoka na kitu, na hapo ndipo alipoanzia mwanasosholojia Mmarekani Albert Cohen mwaka 1955. Aliona kwamba uharibifu mwingi wa magenge ya vijana hauna faida ya mfukoni. Shule inawapima wote kwa kipimo cha familia zenye uwezo wa kadiri: alama, subira, adabu ya kuongea. Anayeshika mkia kila muhula, na matokeo yakibandikwa ukutani, anaaibishwa mbele ya kadamnasi. Wakikutana wa namna hiyo wanakigeuza kipimo juu chini, linalomuudhi mwalimu likawa ndilo la kusifiwa. Sifa hiyo hakuna anayeweza kujipa akiwa peke yake. Lazima wenzake wawepo.

Ila Cohen simpokei mzimamzima. Wanaoshika mkia ni wengi, na wengi wao hawavunji hata kikombe. Tena wako wanajua fika kuwa wamekosa. Wanasosholojia wengine wawili, Gresham Sykes na David Matza, walilieleza hilo mwaka 1957: kijana haitupi sheria, anajitafutia udhuru wa kuivuka. Nilipokuwa ustawi wa jamii nilizisikia nyudhuru hizo mpaka nikazizoea. "Nilivutwa tu." "Kwani nani kaumia?" "Yule alijitakia." "Mbona walimu wenyewe wanakula hela ya chakula?" "Ningewatosaje wenzangu?" Huo wa nne, kabla hamjaukataa, angalieni kwanza daftari la stoo.

Jambo moja lisisubiri kikao chenu cha kuwajadili vijana hao. Unasema mkuu wenu ameanza kuwaita "Panya Road" mstarini, jina la yale magenge ya vijana waporaji wa Dar es Salaam. Mwanasosholojia Howard Becker aliandika mwaka 1963 kuwa aliyekwisha kupachikwa jina la mhalifu hutendewa kwa jina hilo, na njia za kurudi kwa watu zinamfungia. Mwombe kwa heshima aliache, hata kama wanafunzi wanacheka. Hasa kama wanacheka.

Kikao kikiisha nipigie.

Mama yako