Kibao cha jina ndani ya chombo: nenda na sumaku mfukoni

Ndugu yangu, umeuliza wapi utapata kibao cha madini chenye jina la boti, kilichochongwa hasa na si cha kubandika, ukakifunge kibandani mbele ya usukani. Walionitangulia kukujibu wamekwambia nenda duka la makombe na ngao. Hawajakosea, na mimi nitakupeleka huko huko. Ila hakuna aliyekuuliza dira yako iko wapi. Ukisema mbele ya usukani, mimi nasikia ubavuni mwa dira.

Nina jahazi dogo la futi 32 lenye mashine, limeundwa Nungwi, jina lake Tawakal kama majahazi mengine chungu nzima ya pwani hii. Nilipolitengeneza upya nikataka kibao cha ndani, kwa mapenzi tu. Nikaenda duka moja mjini, sitolitaja, nikasema nataka shaba. Baada ya siku mbili nikapewa kibao kinang'ara kama sinia la harusi. Nikakifunga kwenye ubao wa mvule, shubiri moja kutoka kwenye dira, nikapiga picha, nikajisifu.

Wiki ya tatu tukaondoka usiku kwenda Mkoani, Pemba. Nahodha wangu ni mzee wa Tumbatu, simu yenye ramani anaitazama kama unavyomtazama mgeni anayesema sana. Akaangalia dira, akaangalia nyota, akaangalia dira tena. "Mwanangu, hii dira yako imelewa." Tukaenda kwa nyota na kwa simu mpaka kukapambazuka, kisha tukaanza kumtafuta mchawi. Tukaondoa kisu, tukaondoa redio, tukaondoa bisibisi iliyosahauliwa chini ya mto. Sindano haikutikisika. Nilipofungua skrubu za kile kibao na kukisogeza, ikarudi digrii saba. Nikatoa sumaku kwenye spika mbovu nikaisogeza: ikanata pwa! Ile haikuwa shaba. Ilikuwa bati la chuma lililochovywa shaba juu, na kwenye pembe kutu ilikuwa imeshaanza kuchungulia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti ya arubuni, nenda na sumaku. Shaba haivutwi na sumaku, na aluminiamu nayo haivutwi, ndiyo maana sumaku peke yake haitoshi. Vibao vingi vya rangi ya dhahabu kwenye maduka ya makombe ni aluminiamu iliyotiwa rangi, na vingine ni plastiki ya tabaka mbili, ukikwangua uso wa juu rangi ya chini ndiyo inayofanya herufi. Hapo tumia mizani. Kibao cha sentimita 20 kwa 7, unene milimita 2, kikiwa shaba kitakuja gramu 240 hivi. Kikiwa aluminiamu hakifiki hata 80. Halafu omba tupa, kwangua kidogo ukingoni kwa nyuma. Shaba ni njano mpaka ndani.

Na ukiagiza usiseme "shaba" ukanyamaza, maana unaweza kuletewa shaba nyekundu, ambayo ni laini na hupoteza sura haraka. Sema shaba ya njano, ile ya vitasa na ya vile vichwa vya misumari kwenye milango ya Mji Mkongwe. Kama hutaki kazi ya kusugua, chukua stenlesi, lakini uulize namba ya aina yake. Ile ya 304 ni ya masufuria, kwenye hewa ya chumvi itatoa madoa ya kahawia. Ya 316 ina molibdeni na inavumilia zaidi. Kibandani mwangu mimi stenlesi naiona kama vifaa vya hospitali, lakini hilo ni jicho langu.

Sasa fundi. Duka la makombe ni mlango mmoja. Mwingine ni wachonga mihuri, na wale wanaotengeneza vibao vya milango ya mawakili na madaktari. Kwa Dar anzia Kariakoo. Swali la kuwauliza ni moja: unachonga kwa nini? Akisema leza, muulize ya mbao au ya chuma. Leza ya kukatia mbao na plastiki haichimbi madini matupu. Fundi hupuliza dawa nyeusi juu yake na leza huigandisha pale. Leza ya chuma inachimba, lakini wengi huipitisha mara moja tu ili wamalize haraka, na ukisugua mwaka mmoja jina linafifia. Unachotaka wewe ni mashine yenye ncha inayokata, iingie nusu milimita hivi, kisha herufi zijazwe rangi nyeusi ya mafuta. Pitisha ukucha juu ya herufi. Usiponasa, rudisha.

Mlango wa tatu ni sonara. Wa kwetu wamezoea fedha na dhahabu, na wa Lamu wana sifa ya nakshi tangu zamani, lakini sonara mwenye mkono mzuri atakuchongea shaba kwa kalamu ya chuma na nyundo ndogo, na hakuna mashine itakayokupa mstari ule. Anachukua muda, na kosa lake halirekebishiki: akishakosea herufi, bamba limekwenda. Kibao changu cha pili nilimpa sonara.

Wala usitaje jina kwa mdomo. Liandike kwa herufi kubwa, pamoja na bandari na mwaka, na udai kuona mchoro kabla hajagusa bamba. Chagua herufi nene, maana zile zenye vimkia vyembamba huzibwa na rangi. Ukitaka na herufi za Kiarabu, kama nilivyotaka mimi, kuna mtego: programu nyingi za mashine hizi hazizijui, zinaziachanisha moja moja na kuzipanga kutoka kushoto. Nimekiona kwa macho yangu kibao cha mtu kimeandikwa hivyo, na mwenyewe hasomi, anakionyesha kwa fahari. Mpelekee fundi jina likiwa mchoro tayari, si maandishi ya kuandika upya, na mpe anayesoma alikague.

Kufunga. Skrubu ziwe za shaba pia. Ukitia za chuma umeirudishia dira ugonjwa wake, na chuma kikigusana na shaba kwenye unyevu wa chumvi ndicho kinachooza. Lakini skrubu za shaba ni dhaifu, na mvule au msaji utazikata vichwa. Toboa tundu kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya kipimo kile kile ili ikutengenezee njia, itoe, kisha utie ya shaba iliyopakwa sabuni au nta. Nyuma ya kibao usipake gundi ya silikoni inayonuka siki. Ile asidi yake inaila shaba, na utaona kijani kinatambaa pembeni ukadhani ni bahari. Mimi nilipaka nta tu.

Vanishi juu ya shaba sikushauri. Kwenye joto letu huanza kubanduka pembeni, chumvi inaingia chini yake, na hapo mpaka uikwangue yote. Acha shaba wazi, isugue Ijumaa moja kwa mwezi. Brasso, dawa ya dukani ya kung'arishia shaba, ni nzuri, ila ukwaju uliorowekwa na majivu kidogo, kama bibi zetu walivyosugua masinia, unafanya kazi ile ile, mradi uisuuze kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na uikaushe.

Na usije ukadhani kibao hiki kinakuvua jambo la nje. Jina na namba ya usajili ubavuni ni shughuli yako na Mamlaka ya Usafiri Baharini kama uko Zanzibar, na wakaguzi hawaingii ndani kutazama pambo.

Ukishapata vipimo, tuwekee picha ya pale unapotaka kukifunga, na dira ionekane kwenye picha.