Kadi isiyo na ada ya mwaka: geuza barua usome upande wa pili

Jumamosi iliyopita mdogo wangu mmoja, tunayeimba naye kwaya hapa Columbus, Ohio, alikuja kwangu na bahasha ya benki. Ndani mlikuwa na barua ya kumkaribisha achukue kadi ya mkopo, na kwa maandishi makubwa: ada ya mwaka $0. Akaniuliza, "Dada, kama haina ada, si nijaze tu fomu?"

Nikamwambia aigeuze barua. Nyuma kuna jedwali la gharama, ambalo benki za Marekani zinalazimishwa na sheria kulionyesha. Tukalishuka mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi: riba, faini ya kuchelewa, halafu ule mstari ambao sisi wenye kwetu kuwili hatupaswi kuuruka, makato ya muamala wa nje, yaani unapolipia kitu nje ya Marekani, 3%.

Mstari huo naujua vizuri. Nilipokwenda Moshi kwenye harusi ya kaka yangu, nilikuwa na kadi ya aina hiyo hiyo. Hoteli ya wageni, mapambo, mafuta ya gari, vyote nililipa kwa kuchanja kadi hiyo. Jumla ilifika kama $1,800. Niliporudi na kufungua taarifa ya mwezi, kila muamala ulikuwa na kijimstari chake cha makato chini yake. Nikajumlisha nikapata $54. Kadi ile ilikuwa ikinirudishia 1.5% ya manunuzi, na kwa chakula cha mwaka mzima, $400 kwa mwezi, nilikuwa napata $72. Safari moja ikameza robo tatu yake. (Na mashine ya hotelini ikikuuliza ulipe kwa dola au shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, wenye mashine ndio wanaokupangia bei ya kubadilisha, na mara nyingi ni mbaya.)

Hasira za makato hayo zilitaka kunipeleka kwenye kadi ya $95 kwa mwaka, isiyotoza muamala wa nje na inayorudisha 3% ya chakula. Kabla sijajaza fomu nilipiga hesabu. Kwa $4,800 za chakula ningepata $144, toa ada, inabaki $49. Ile ya bure, kwa mwaka nisiosafiri, ilikuwa inanipa $72. Ili ada ile ilipe, ningehitaji kula zaidi ya $6,300 kwa mwaka, na nyumbani kwangu tuko wawili. Kama una watoto wanne, hesabu yako itakuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo nasisitiza uchukue matumizi yako halisi ya miezi kadhaa, si yale unayoyakisia.

Lakini hesabu zote hizi ni za mtu anayemaliza deni lake kila mwezi. Kama unajua utakuwa unalipa kima cha chini, ada ya mwaka siyo jambo la kukuhangaisha. Deni la $1,000 kwa riba ya 24% linakula karibu $20 kila mwezi. Hapo tafuta riba ndogo kwanza, na ningeanzia kwenye vyama vya akiba na mikopo, ndugu wa SACCOS zetu. Vile vyenye kibali cha serikali kuu vimewekewa kikomo cha riba cha 18%. Na tafadhali usitume pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo. Benki nyingi huhesabu kama umetoa taslimu, unakatwa ada na riba inaanza siku hiyo hiyo. Kwa kutuma tumia kadi ya akaunti yako ya kawaida.

Sifa ya kadi isiyo na ada ambayo watu hawaitaji sana ni kwamba unaweza kukaa nayo miaka bila kukugharimu. Umri wa akaunti zako unahesabiwa kwenye alama zako za mkopo, zile ambazo wakopeshaji hutumia kukupima. Kadi yangu ya kwanza niliipata kwa kuweka dhamana ya $200, nilipokuwa sina historia yoyote nchi hii. Dhamana nilisharudishiwa, kadi bado ninayo, na kila baada ya miezi miwili mitatu nainunulia sabuni ili benki isiifunge.

Mdogo wangu tulimfungulia taarifa zake kwenye simu. Chakula chake hakifiki $300 kwa mwezi, deni anamaliza, na Desemba anakwenda Iringa kumwona mama yake. Ada ya $95 haimfai, na barua ile nayo haikumfaa. Zipo kadi zisizotoza ada ya mwaka wala muamala wa nje, na tukapata moja. Kabla hajaondoka aliweka malipo ya deni lote yajikate yenyewe kila tarehe 3, siku mbili baada ya mshahara kuingia.