Wikendi ya skii Gatineau: mpangie aliye nyuma

Theluji ya kwanza ikishika tu, watu wetu wa Ottawa, Kanada, huanza kuniuliza: tukienda Gatineau kundi zima, tupite njia ipi, watoto waje, na yule shangazi aliyewasili mwaka huu kutoka Goma ataweza kweli? Ataweza. Nazungumzia skii ya mwendo, ile ya kuteleza msituni kwa nguvu ya miguu yako mwenyewe juu ya mbao mbili ndefu nyembamba, si ile ya kupandishwa mlimani kwa viti vya umeme na kuporomoka. Ila muwe tayari kupanga siku yenu kwa kasi ya yule atakayekuwa nyuma. Nimeongoza makundi ya kutosha kuamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Hifadhi ya Gatineau ipo upande wa jimbo la Quebec, ng'ambo ya Mto Ottawa, mwendo mfupi tu wa gari kutoka mjini. Ina karibu kilomita 200 za njia za skii katika vilima vya misonobari na miti ya maple, na inasimamiwa na Tume ya Mji Mkuu wa Taifa. Lazima ununue pasi. Majira ya baridi, barabara kuu ya ndani ya hifadhi hufungwa kwa magari, na mashine hulainisha theluji na kuchora mifereji miwili ya kupitishia skii. Barabara hiyo ni pana, mnaweza kwenda wawili wawili mkipiga soga, lakini usidanganyike: ilijengwa kwa magari, kwa hiyo ina miinuko mirefu inayomaliza pumzi pole pole.

Kundi lenye wageni wa skii nalipeleka Ziwa Philippe, kaskazini mwa hifadhi. Kule hakuna miteremko ya kutisha, na kuna kibanda cha Renaud, kisha Herridge kwa wenye nguvu zaidi. Vibanda hivi ndivyo roho ya safari. Ndani mna jiko la kuni, meza na mabenchi. Chapati iliyofungwa kwenye karatasi ya alumini ukiiweka juu ya jiko hilo, dakika chache tu inaanza kunukia samli kibanda kizima, na watu wasiokujua wanakusogelea kukuuliza ni chakula gani. Ndiyo maana sipangi kwa kilomita. Napanga kwa vibanda: tutapumzika wapi, na kutoka hapo anayechoka arudi na nani. Safari ndefu ya kupanda hadi kilele cha Champlain, penye mandhari ya bonde lote la Mto Ottawa, waachieni wale ambao wameshazoea, na waondoke asubuhi na mapema.

Vifaa kodisheni, msinunue. Anza na viatu: visibane vidole, maana kidole kilichobanwa hakipitishi damu na ndicho cha kwanza kuganda. Hakikisha aina ya kiatu inaingia kwenye kishikizo cha skii hiyo, kwa sababu aina ziko nyingi na hazichanganyiki. Fimbo zifike kwapani. Kuna skii zinazopakwa nta chini kulingana na baridi ya siku, na kuna zenye utepe wa manyoya unaoshika theluji bila nta. Kwa kundi, chukueni za manyoya. Nta ina utamu wake, lakini watu hawawezi kusimama kwenye baridi wakimngoja mmoja apake, ajaribu, afute, apake tena.

Nguo za pamba acheni nyumbani, hata fulana ya ndani. Pamba hunywa jasho na kukaa nayo, na ukisimama tu, baridi inakuingia mifupani. Vaa sufu au kitambaa cha michezo, juu yake sweta jepesi, kisha koti la kuzuia upepo. Ukitoka kwenye gari ukajisikia baridi kidogo, umevaa sawasawa, maana baada ya dakika 10 mwili utachemka. Beba fulana kavu ubadili kibandani. Watazameni watoto usoni mara kwa mara: doa jeupe puani au shavuni ni dalili ya ngozi kuanza kuganda. Lifunike kwa kiganja chenye joto, usilisugue, kisha mpeleke mtoto ndani.

Kabla ya kuondoka, kila mgeni ajifunze kuinuka palepale kwenye eneo tambarare. Lala ubavu, leta skii zote mbili upande mmoja zikiwa sambamba, piga magoti, kisha simama. Kwenye mteremko, skii zilale kukatisha mlima, vinginevyo zitakuondoa kabla hujasimama. Na ukianguka, sogea pembeni ya njia kwanza, maana anayeshuka nyuma yako hawezi kusimama haraka.

Sasa kuhusu kungojana. Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyekuwa ameshinda dhahabu, alibaki mstarini akimngojea ili amkumbatie. Bingwa wa dunia alingoja, basi sisi tuna haraka gani? Kwenye kundi letu, mzoefu mmoja hukaa mwisho siku nzima, na wa mbele husimama kila njia panda. Aliyechelewa akifika, apewe naye muda wa kupumua. Ni ukatili kuwangoja watu kisha mkaondoka dakika wanapofika; aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa.

Tazameni pia saa. Desemba jua la Ottawa huzama kabla ya saa 10:30 jioni, na msituni giza huwahi zaidi. Mwishoni mwa Februari linakaribia saa 11:45, kwa hiyo mimi napendelea Februari. Wikendi ya Jumatatu ya 3 ya mwezi huo, sikukuu ya Siku ya Familia katika jimbo la Ontario, hujaa watu, na wa kulala hifadhini hubanana zaidi. Kibanda cha Brown Lake hupokea makundi usiku, ila hakuna maji ya bomba, na mizigo mnabeba wenyewe. Kwa kundi lenye watoto wadogo, afadhali nyumba ya kupanga kwenye vijiji vya jirani, Chelsea au Wakefield, yenye pahali pa kuanika soksi na jiko la kutosha sufuria ya ugali. Wekeni nafasi kabla ya Krismasi, na mchango wa kila mtu ukusanywe kabla ya kulipia.