Jibu: Shule haina uzio, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Umesema shule yenu ya msingi haina uzio, wapita njia wanakatiza uwanjani, na wiki iliyopita mtu msiyemjua alitaka kuondoka na mtoto wa darasa la pili. Hela ya ukuta hamna.

Nimekaa kwenye kamati ya shule miaka 6. Kabla ya ukuta, angalieni saa ya kutoka. Kwetu shida ilikuwa hapo: bodaboda wamejazana getini, mlinzi mmoja mzee, watoto wanatawanyika kama vifaranga. Tukaweka daftari: jina la mtoto, nani anamchukua, namba ya simu. Ambaye hajaandikwa haondoki na mtoto, hata awe mjomba. (Mjomba mmoja alinitukana kweli, lakini alingoja hadi mama mtu akapokea simu.)

Ile njia izibeni kwa michongoma. Halafu zungukieni vyoo vya nyuma mapumziko. Wetu walikuwa wakionewa huko na wakubwa.

Tukio lenyewe msilimalizie kwa mwenyekiti wa mtaa. Lipelekeni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kamera sijawahi kuzitumia, sizisemei.