Tawi au kampuni mpya?

SWALI: Bosi wangu wa zamani, Mturuki, anauza pampu za maji na anataka kuja Tanzania. Afungue tawi au kampuni mpya? Tena anataka kiwanja kiandikwe kwa jina langu. Nikubali?

JIBU: Nianze na kiwanja: kataa. Akikorofishana nawe, hana pa kushika; ukifa wewe, ataanza kuwaeleza warithi wako. Sheria ya Ardhi ya 1999 humpa mgeni ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kwa ghala la pampu, mwambie apange.

Tawi si kampuni mpya. BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, huitambua ileile ya Uturuki, kwa hiyo deni la huku linamfuata mpaka kwao. Lazima pia awepo mkazi wa hapa wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yake (usije ukajikuta ni wewe). Kampuni ya hapa husimama yenyewe, na inataka wanahisa wawili au zaidi. Ningekuwa yeye, ningechukua hii.

Nyaraka za kwao zitafsiriwe na kuthibitishwa kabla hajapanda ndege. Niliwahi kushika faili lililokwama wiki kadhaa kwa sababu ya katiba ya kampuni iliyoletwa kwa Kituruki kitupu.

Halafu muulize: pampu anamuuzia nani? Tangu Julai 2025 wasio raia wamezuiwa kuendesha biashara 15, na duka la rejareja limo.